Kitanda Kilichomo Ndani ya Kochi

Fundi makochi alikuwa amechoka, wala si nyundo iliyomchosha. Kilichomchosha ni ule ukurasa wake wa mtandaoni. Alianza kwa kuposti picha za makochi, akitafuta wateja, kisha siku moja akatia maneno mawili matatu ya moyoni chini ya picha, watu wakayapenda kuliko makochi yenyewe. Basi akanogewa. Kila akishika mkasi wa kukatia kitambaa, kichwani anatunga. Na wafuasi nao hawashibi: ukiwapa huzuni leo, kesho wanauliza mbona kimya.

Nyumbani sasa, bwana huyohuyo ni bubu. Mkewe akimuuliza habari za kutwa, jibu ni "salama tu," kisha anazama kwenye simu kuwaandikia watu baki mambo ambayo mwenzake angeyapokea kwa mikono miwili. Mke hakuwa na ukurasa wowote, na fundi akajiona yuko salama. Alisahau kwamba ana dada, na dada huyo ana mdomo.

Jumapili mchana dada mtu akaja, akaketi, akaanza kusoma kwa sauti posti mpya ya kaka yake, kifua mbele. "Wifi, hebu sikiliza mumeo anavyoandika!" Ilisimulia kitanda cha mtoto alichokichonga mwenyewe, mtoto akazaliwa bila pumzi, naye akakibomoa kitanda karakanani, akazipigilia mbao zake ndani ya fremu ya kochi la mteja, akazifunika kwa sponji na kitambaa cha bluu.

Hakufika mwisho. Alimtazama wifi yake usoni, akakumbuka ghafla kwamba ameacha nguo kwenye kamba, akaaga.

Mke alikuwa ameambiwa kwamba kitanda amepewa binamu mjamzito. Miezi yote hiyo alijiliwaza kwa kitu kimoja tu, kwamba kuna mtoto mahali fulani analala humo na kuzipiga mateke zile mbao. Hakuwahi kuuliza zaidi, asije akalia.

Fundi aliporudi, hata viatu hajavua, akakutana na swali.

"Kitanda kiko kwenye kochi la nani?"

"La mteja mmoja. Ameshahama."

"Na nani mwingine anajua?"

Akaitazama simu mkononi. Wafuasi walikuwa wamempa pole, wamemwambia aandike kitabu, mmoja ameuliza bei ya kochi. "Watu wengi," akasema.

"Kwa hiyo nilibaki mimi tu." Hakupaza sauti. Angepaza, fundi angalau angepata la kujibu. "Ulilia ulipokuwa unakibomoa?"

"Si nimeandika hapo..." Akamsogezea simu.

"Sijaiuliza simu. Nakuuliza wewe."

Fundi akafungua mdomo. Sentensi zilizomjia zilikuwa nzuri mno, zimenyooka kama za kuposti, na akazionea aibu. Akazimeza. Likabaki neno moja, nalo lilitoka kwa shida.

"Nililia."

"Mimi nililia bafuni," mke akasema, "maji nimeyafungulia, nisikuchoshe."

Kisha mke akaichukua simu mkononi mwa mumewe, akaiweka juu ya kabati, akamvutia kiti.

"Haya, anza mwanzo," akasema. "Na usinipambie."