Kiti cha Marehemu Jaji Viveiros

Alhamisi alasiri, Baraza la Waandishi la mji wa Recife lilikuwa likinywa kahawa na keki ya muhogo. Dokta Belarmino Fragoso, wakili na mhakiki wa vitabu gazetini, alikuwa amesimama akimsifu marehemu Jaji Anacleto Viveiros. Ndiyo desturi: anayerithi kiti humsifu aliyekiacha, hata kama hawakupikika chungu kimoja. Na hawa hawakupikika. Jaji huyo ndiye aliyemfunga mteja wa Belarmino, Firmino, mpiga chapa, kwa mauaji asiyoyatenda.

Belarmino alipofika kwenye maneno "mpenda haki," marehemu jaji mwenyewe akaingia, viatu vimejaa udongo wa makaburini. Mhudumu akampa kahawa.

"Acha chumvi, Belarmino," alisema. "Firmino hakuua. Nilijua. Aliyeua ni mwanangu."

Wafu wa Recife huja wanapotaka. Hilo halikumshtua mtu. Maneno ndiyo yaliyomshtua Belarmino. Miaka yote aliyatafuta, na leo yamesemwa mbele ya majaji wawili wa rufaa waliokuwa ukumbini! Kule nyuma Dona Quitéria, mama yake Firmino, aliyekuja kumsikiliza wakili wake, alijiziba mdomo kwa kanga ya mabega.

"Jamani, mmesikia?" Belarmino alipaza sauti.

"Tumesikia," alisema mwenyekiti, akifuta machozi. "Ungamo fupi, halina pambo. Alipokuwa hai hakuwahi kuandika vizuri hivi, maskini."

Ukumbi mzima ukapiga makofi.

"Mheshimiwa, mtu yuko gerezani!" Belarmino alimgeukia mmoja wa majaji wa rufaa.

"Maiti hali kiapo, Dokta. Na wewe wakili mzima unaniuliza hayo? Hebu tupe uhakiki, ndiyo kazi yako."

Wote wakamkodolea macho. Belarmino alifungua kinywa kudai mteja wake aachiliwe.

"Kwa kweli," alijisikia akisema, "ile 'nilijua' imekaa mahali pake."

Makofi tena. Akaketi kwenye kiti chake kipya. Dona Quitéria akaja mbele, akamwinamia.

"Dokta, amekiri. Sasa mwanangu anatoka lini?"



Tangu siku hiyo jaji huja kila Alhamisi, hukiri, hunywa kahawa yake. Dona Quitéria huja pia, na kikapuni ana suti ya Firmino aliyoipiga pasi asubuhi. Makofi yakiisha, huirudisha nyumbani.