Msumari wa Mwisho Ukutani

Ukutani ulibaki msumari mmoja. Picha nyingine zote tulikuwa tumeshazipitisha au kuzirudisha, na sisi watano wa kamati ya kuchagua picha za maonyesho tulikuwa hoi. Mimi nina bucha ng'ambo ya barabara. Jumba la sanaa lilitaka mtu wa mtaani, nikajitolea.

Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu wa uchoraji, akaigeuza picha ya mwisho. Jina limefunikwa kwa karatasi, kama zote.

Nilijiona mimi. Fulana imetoboka kwapani, mdomo wazi, nimelala mbele ya televisheni kama gunia. Binti yangu alikataa katakata kuniambia kaleta picha gani. Alichosema ni kwamba akikosa safari hii, anaacha kuchora na kwenda kuuza simu dukani kwa mjomba wake.

Kanuni yetu ni hii: anayemjua mchoraji hapigi kura, anatoka nje. Kura zikifungana, picha inarudi kwa mwenyewe.

"Huyu mzee kalewa," mwanasheria alisema.

"Kachoka tu, jamani," fundi cherehani akamtetea. "Mume wangu hulala hivyohivyo."

"Pole yako," akasema daktari wa meno. "Mimi naona magego tu."

Wakacheka. Mimi jasho lilinitoka mpaka kisogoni. Nilikuwa na kofia na miwani, hakuna aliyeniangalia mara mbili.

Mikono ikanyanyuka. Mwenyekiti na fundi, ndiyo. Mwanasheria na daktari, hapana.

"Bwana bucha, umebaki wewe. Mbona umeganda?"

Mkono ulikuwa juu ya goti, mzito. Niunyanyue tu, msumari ni wake. Halafu siku ya ufunguzi jina linafunuliwa, na mimi nimesimama chini ya mdomo wangu mwenyewe. Picha ingeshushwa mbele za watu, na popote atakapokwenda wangesema huyu kabebwa na baba yake.

"Huyo ni mimi," nikasema. "Mchoraji ni mwanangu."

Hakuna aliyecheka. Nikatoka, nikafunga mlango. Sauti zilipanda, zikashuka, zikapanda tena. Mwishowe mwenyekiti akatoka na picha kwapani, akanikabidhi.

"Zimefungana, ndugu yangu. Nimewabembeleza, wamekaza."

Binti alikuwa getini. Aliiona picha kabla hajaniona mimi.

"Hukupiga kura?"

"Nilitoka."

"Baba! Nani angekujua na kofia hiyo?"

"Wangesema nimekubeba."

"Si ungeacha waniseme mimi! Wewe ndiye ungesemwa?"

Akaninyang'anya picha na kuanza kuvuka barabara.

"Mwakani utaleta nyingine," nikamwambia, nikimfuata.

"Mwakani nitakuwa nauza simu," akasema bila kugeuka. "Kesho asubuhi naenda kwa mjomba."

Gari likanipigia honi. Nilikuwa nimesimama katikati ya barabara.