Mzee Usicheke

Kamera ilipiga picha yenyewe, kacha!, wakati mikono yote miwili ya Mzee Usicheke imo ndani ya karai la nguo mpaka viwikoni, na suruali yake imelala juu ya viatu.

Tuanze na suruali. Kamba yake ilikuwa imechoka siku nyingi. Mzee aliinama pale katikati ya studio anafua mashuka ya mkewe, akahisi upepo mahali ambapo upepo haukuwa na ruhusa ya kufika. Akatazama chini. "Ewaa!" akaiambia suruali. "Hata wewe umenikimbia?"

Ndipo kamera ikasema kacha.

Akageuka upesi. Mlango ulikuwa umefungwa. Kamera ilisimama juu ya stendi yake ya miguu mitatu, na mbele yake, kwenye kiti cha wateja, alikaa mkewe, ameegemezwa mito, macho yakitazama mbele kama yalivyotazama tangu kiharusi kilipomwangusha. Mkewe hakuweza kuinua hata kijiko. Sasa nani kabonyeza?

Mzee alipiga ukelele. Fundi viatu, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuja mbio na nyundo mkononi, na mpaka leo anaapa kwamba alimkuta mzee nywele zimemsimama zote, pamoja na zile zilizokwisha kung'oka zamani.

"Umeua mtu?"

"Kamera imepiga picha!"

"Si ndiyo kazi yake?"

"Yenyewe, bwana! Yenyewe!"

Fundi viatu aliitazama kamera, akayatazama na mapaja ya mzee. "Mimi ningekuwa kamera ningekimbia kabisa. Vaa kwanza, shemeji yangu haumwi macho."

Jina la Usicheke hakupewa na wazazi. Alipewa na mtaa, kwa sababu ndilo neno alilowaambia watu wote waliokaa kwenye kile kiti. Picha ya pasipoti haitaki meno. Amewanyamazisha maarusi, wachekeshaji, hata mapacha. Aliyemshinda ni mmoja tu, mkewe. Yeye ndiye aliyekuwa akiwatengeneza wateja: anawachana, anawafuta jasho, anawanyoosha kola. Shida ilikuwa cheko lake. Lilikuwa cheko la kutingisha mabati. Akicheka yeye, mteja aliyefiwa jana naye anacheka. "Toka nje, mama watoto," mzee angesema, "unaniharibia pasipoti." Naye angetoka, akacheke barabarani, mteja asikie kupitia dirishani, na pasipoti iharibike vilevile.

Kisha cheko likakatika, siku moja, kola ya mteja ikiwa bado mkononi. Daktari alisema hawezi kujua mgonjwa anasikia kiasi gani. Ndugu walikuja, wakamsemesha, wakachoka. Baadaye wakawa wanazungumza habari zake mbele yake, kama watu wanaoshauriana kabati lihamishwe wapi.

Kamera hii ya kidijitali ililetwa na binti yao mkubwa, dereva wa gari la mikate, baada ya ile ya zamani kukosa filamu mjini kote. Kitabu chake cha maelekezo kilikuwa na lugha nyingi sana, na mzee hakujua hata moja kati ya hizo. Kwa hiyo alijifundisha kwa kutazama alama zilizochorwa kwenye kile kigurudumu cha juu: mlima, ua, mtu anayekimbia, mwezi na nyota, kiuso cha duara. Mlima aliuelewa, ni wa vitu vya mbali. Ua ni la karibu, na alilijua kwa aibu, maana alimpiga picha nalo mwalimu mmoja na chunusi ya mwalimu ikatokea ukubwa wa kichuguu. Mtu anayekimbia alidhani ni kwa ajili ya wateja wenye haraka. Kiuso cha duara alidhani ni cha wateja wanene.

Mfano wake wa mazoezi alikuwa mkewe. Hachoki, hadai picha irudiwe. Asubuhi ile alikuwa ameweka kile kiuso cha duara, akaona kijisanduku cha njano kinauzunguka uso wa mkewe kwenye kioo cha kamera, akangoja, hakikutokea kitu, akaenda zake kufua.

"Kaa hapo," sasa alimwambia fundi viatu. Walimsogeza mama pembeni taratibu, kiti na yote, fundi viatu akakaa kwenye stuli amekunja uso kama anadaiwa. Kijisanduku kikamshika. Kimya.

"Imekufa," alisema fundi viatu.

"Ife kwa nini? Imeona sura ya mtu aliyenishonea viatu viwili, vyote vya mguu wa kushoto, imeduwaa."

Fundi viatu akashindwa kujizuia. Meno yakatoka. Kacha!

Akafunga mdomo. Kimya. Akakenua tena. Kacha!

"Inangoja mtu acheke," alisema fundi viatu polepole. "Haibonyezwi. Inangoja mtu acheke."

Wakatazamana. Kisha, bila kuambizana, wote wawili wakageuza shingo zao kumtazama mama.

Mzee alirudisha nyuma picha kwenye kioo mpaka ile ya kwanza, akaikuza, akaikuza tena. Macho, pua, mdomo. Na pale kwenye pembe ya kushoto ya mdomo, upande ule ambao kiharusi hakikuugusa, ngozi ilikuwa imepanda kiasi cha unene wa uzi. Jicho la binadamu lingepita hapo likaenda zake. Mzee akakaa juu ya karai, ndani ya maji ya sabuni, asijue.

Fundi viatu alivua kofia. "Shemeji," alisema, "kumbe umo humo ndani?"

Baada ya hapo mzee aliichimbua kamera usiombe. Aligundua kwamba ukibonyeza pembeni ya kiuso cha duara vinatokea viuso vingine vitatu: kimoja kimeachama mdomo, kimoja kinacheka cha wastani, kimoja mdomo umejikunja kidogo tu. Kumbe kidole chake gumba, kwa bahati ya mtende, kilikuwa kimekwisha kuchagua kile kidogo kuliko vyote. Akakiacha hapo hapo. Angeweza kusahau jina lake, si alama ile.

Na nyumba ikabadilika. Alimsimulia mkewe kila kitu, huku sikio moja likiwa kwenye stendi. Alimwambia kwamba wifi yake amenunua wigi na kuku wamelilalia: kacha. Alijigonga kidole cha mguu kwenye mlango na kurukaruka kama panzi: kacha, kacha. Suruali nayo aliijaribu mara ya pili, akailegeza kwa makusudi. Kimya. Mzaha haupashwi moto.

Ila usiku na asubuhi kulikuwa na ngazi. Studio ilikuwa chini, chumba cha kulala juu, na kila siku mzee alimpandisha mkewe mgongoni na kumteremsha, na mgongo wenyewe ulikuwa umeanza kulia kama bawaba kavu. Siku moja waliteleza.

Binti alikuja siku ya mapumziko yake, na gari la mikate, nguo zake zikinukia tanuri.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Mbona na gari?"

Binti alisogea kitini. Alikuwa ameuona mkono wa mama yake. Aliuinua, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Alama ya buluu ilianzia kiwikoni. "Huu una nini?"

"Tuliteleza kwenye ngazi. Lakini nilianguka mimi chini, yeye juu. Nilikuwa godoro."

"Baba, siyo mchezo!" Akaushusha mkono polepole. "Jitazame. Umekonda mpaka kivuli chako kimekushinda unene. Siku nyingine godoro halitaamka, na yeye atalala hapo chini ya ngazi asiweze hata kuita. Nimekuja kumchukua. Kwangu hakuna ngazi, na mahali pa mazoezi pako mtaa wa pili."

"Mama yako hataki kuondoka."

"Amekuambia?"

"Ameniambia."

"Kwa mdomo gani, Baba?"

Mzee alimwonyesha kamera. Alimweleza kiuso cha duara, uzi kwenye pembe ya mdomo, wigi na kuku. Binti alizipitia picha moja baada ya nyingine, halafu akamtazama baba yake kwa ile huruma ambayo mtu huwapa watoto na walevi.

"Hizi zote ni picha moja, Baba."

"Haya!" Mzee alisimama. "Tumuulize yeye mwenyewe mbele yako. Mashine itajibu. Ikijibu, mama yako habanduki hapa."

"Isipojibu?"

"Itajibu."

Aliweka kiuso cha duara, akateua kile kidogo. Kijisanduku cha njano kikaukumbatia uso wa mkewe. Akasogea mbali na stendi, mikono juu, ili asije akaambiwa amebonyeza.

"Mama watoto," alisema kwa upole, "unabaki hapa na mimi. Sivyo?"

Kimya.

"Hajasikia." Akapandisha sauti. "Unabaki na mimi, sivyo?"

Nje baiskeli ilipita, kengele ikalia. Kamera haikusema neno. Mzee alisimulia viatu viwili vya kushoto. Alisimulia wigi, akatia na mayai ambayo hayakuwapo mara ya kwanza. Akajigonga kidole cha mguu, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mwishowe, jasho likimtiririka, akafungua kamba.

"Baba, jamani!" Binti alijifunika uso kwa mtandio.

Suruali ilianguka. Hakuna kitu. Mzee alibaki pale, mikono hewani, kama mtu aliyeporwa katikati ya soko na hakuna aliyegeuka.

Binti alijipangusa macho. Akapiga magoti mbele ya kiti, upande, asiukinge uso wa mama yake, akaushika ule mkono wenye alama. Hakuwa anaitazama kamera hata kidogo.

"Mama, nisamehe kwa kelele. Nimekuwekea kitanda karibu na dirisha. Twende kwangu. Na huyu mzee wako naye apate usingizi. Amechoka, mama. Amechoka na hasemi."

Kacha!

Binti aliruka kama aliyeunguzwa. "Umebonyeza!"

Mikono ya mzee ilikuwa bado hewani. Hakuweza kuishusha. "Sijabonyeza."

"Basi maana yake nini?"

Hapo ndipo angeweza kusema betri imeisha. Angeweza kusema mashine ina wazimu, na binti alikuwa tayari kabisa kuamini. Ulimi wake uliogeuza mayai yasiyokuwapo kuwa vifaranga ulilala kinywani kama kipande cha ubao.

"Amecheka," alisema.

Binti alirudi kwenye kiti polepole, kana kwamba sakafu ni barafu. Akaleta uso wake karibu, kwa upande. "Mama? Unanisikia?"

Kacha.

"Siku zote hizi?"

Kacha.

Dereva wa gari la mikate, mwanamke anayebadilisha tairi peke yake kwenye mvua, alikaa chini kitako na kuziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Alikuwa anakumbuka. Mzee aliona anakumbuka: yale maneno yote waliyoyasema humu ndani, nani atamchukua, nani hana nafasi, ataendelea hivi mpaka lini, na mama amekaa pale pale, anasikiliza, anangoja mtu amsemeshe.

Mzee alipandisha suruali, akaifunga mafundo mawili. Akaenda kwenye kamera, akaikuza ile picha ya kwanza ya leo. Uzi ulikuwapo kwenye pembe ya mdomo, mnene kuliko wakati wowote. Lakini macho hayakuwa kwa binti. Yalikuwa yametazama juu kidogo, nyuma yake, pale aliposimama mtu aliyenyanyua mikono, suruali miguuni. Aliitazama picha muda mrefu. Hakumwonyesha binti.

Kisha akapanda ngazi kwa kushikilia ukuta, akashuka na nguo za mkewe kwenye mfuko. Alichukua kitana cha wateja, akamchana. Akamfuta jasho ambalo halikuwapo. Akainama, akamnyoosha kola, upande huu, kisha upande ule, kama alivyomwona akiwafanyia watu maisha yake yote.

"Usicheke," alimwambia.

Mgongo wake ulikuwa umeikinga kamera, kwa hiyo hakuna ajuaye.

Walimbeba wawili mpaka garini. Binti alimfunga mkanda, akamwekea mto upande wa dirisha. "Panda na wewe, Baba. Tutabanana."

"Kuna mtu anakuja kuchukua pasipoti yake."

Hakukuwa na mtu. Binti alijua, na mzee alijua kwamba binti anajua. "Ngoja basi nikazime mashine," alisema mzee, akarudi ndani.

Kwenye kioo, kijisanduku cha njano kilikuwa kinatangatanga. Kiligusa mito, kikaiacha. Kikapanda kwenye mgongo wa kiti, kikashuka, kikaenda ukutani, kikarudi, kinatafuta uso. Mzee alinyoosha mkono kukizima. Mkono haukufika. Badala yake akazunguka stendi, akakaa kwenye kiti, mgongo upumzike tu kidogo. Mito ilikuwa bado na joto. Miaka yote ile hakuwahi kukaa upande huu.

Taa ndogo nyekundu pembeni ya lenzi ikaanza kupepesa.

Nje, injini ya gari la mikate ilikuwa inanguruma mahali pamoja, haiondoki. Honi ikalia mara moja. Halafu tena. Mzee alilitazama lile jicho jeusi la kamera, mikono juu ya magoti, kola imempinda upande na hakuna wa kuinyoosha, na taa ikaendelea kupepesa, inangoja.