Shemeji na Lundo la Mchanga

Shemeji alikuwa paka, na jina hilo alipewa kwa haki. Aliingia nyumbani siku moja ya mvua bila hodi, akala kilichokuwepo, akachagua kiti kizuri kuliko vyote, akalala. Kesho yake alikuwa mlangoni mwa jiko anaulizia chakula cha mchana. Fundi, mwenye nyumba, akasema huyu hana tofauti na ndugu wa mke, na mkewe akacheka mpaka akashika mbavu, maana ndugu zake kweli ndivyo walivyo. Tangu hapo paka akawa Shemeji. Binti yao wa miaka mitano, ambaye kwa kupenda kubishana mtaa mzima ulimwita Wakili, akamfanya wake, na hakuna aliyethubutu kumpinga.

Fundi alikuwa fundi wa matofali ya simenti, na kiwanda chake ni ua wa nyumba yake. Mkewe alifua mashuka hospitalini, zamu ya mchana. Asubuhi ile mkewe alikuwa mkekani anamlisha uji Bonge, kitinda mimba wao, mwenye mwaka na nusu na mashavu ya kutosha watoto wawili. Shemeji akaja, akasimama katikati ya mkeka, akakohoa kohoa, akatapika. Ndani ya matapishi mlikuwa na mnyoo mweupe, mrefu kama kidole cha mtu mzima, umejikunja, unacheza. Wote wakaduwaa, isipokuwa Bonge, aliyenyoosha mkono auchukue.

Mama yake akamnyakua juu juu.

"Mtoto anakohoa wiki nzima, mimi nahangaika na dawa za kifua, kumbe ugonjwa tunalala nao nyumba moja!" Akamgeukia mumewe. "Baba Wakili, nisikilize. Mchana nikitoka kwenda kazini, huyu mgeni wako nisimwache hapa."

"Si mgeni wangu, ni ndugu yako," Fundi alijaribu.

Mzaha ule ulianguka chini na hakuna aliyeuokota. Msimlaumu mama huyo. Alimpenda paka huyo, tena vichwa vya samaki alivyomwekea kwa siri ni vingi kuliko alivyokiri. Lakini mama akishaogopa kwa ajili ya mtoto, usimletee hoja.

Fundi akakung'uta gunia tupu, akatafuta kamba. Wakili alikuwa amesimama mlangoni, anatazama.

"Nampeleka kwa daktari," Fundi alimwambia, macho yakiwa kwenye kamba.

Akajiandaa kwa kesi. Alijua maswali yatakuja mfululizo: daktari gani, anaitwaje, ana sindano kubwa kiasi gani, na kwa nini mgonjwa abebwe kwenye gunia. Wakili hakuuliza hata moja. Aliingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na sweta lake jekundu amemviringishia Shemeji vizuri, kichwa tu nje. Akamtia mwenyewe guniani.

"Mshike kwa chini, baba. Asianguke."

Basi. Fundi akashukuru kimoyomoyo kwamba leo kesi imeahirishwa, akapanda baiskeli.

Hakuwa anakwenda kwa daktari yeyote. Alikuwa anakwenda kule mwisho wa mji, kwenye maghala ya nafaka, ambako panya ni wengi. "Paka hawezi kufa njaa pale," alijiambia njia nzima. Mtu anayekwenda kufanya jambo lisilomkalia vizuri hakosi sentensi ya namna hiyo, na huirudia mpaka afike.

Alipofika aliegesha baiskeli ukutani na kulegeza kamba. Shemeji alimtazama tu, hana hili wala lile. Fundi akaanza kulivua lile sweta, arudi nalo, ndipo akagundua kwamba mkono mmoja wa sweta ni mzito na umefungwa fundo. Akalifungua. Ndani mlikuwa na mkate wa Wakili wa asubuhi, mzima, haujaumwa hata pembe.

Fundi akaketi chini palepale.

Kumbe mtoto alijua. Alimsikia mama yake, akamwona baba yake anatafuta kamba, akaelewa kila kitu, na yeye anayebishania hata rangi ya maji hakusema neno. Alimfungia rafiki yake chakula cha njiani na nguo ya baridi, akanyamaza. Na kilichomuuma Fundi zaidi ya yote ni kwamba mtoto huyo alimwona baba yake kuwa mtu anayeweza kufanya jambo lile, wala hakukosea. Machozi yakamtoka, mwanamume mzima, mbele ya wapakuzi wa magunia waliokuwa wamekaa kivulini wakimshangaa.

"Umefiwa, kaka?" mmoja wao akauliza.

"Hapana. Nina mgonjwa," Fundi akasema, na akamfunga Shemeji upya. Kama alishatamka daktari, basi na awe daktari.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke mwenye mabuti ya mpira na mikono isiyo na haraka, nyuma ya duka la dawa za wanyama. Alimminya Shemeji tumbo, akamfunua fizi, akasikiliza habari za mnyoo bila kukunja uso.

"Minyoo tu. Paka anayekula panya hakosi." Akamfungua taya, akatumbukiza kidonge nyuma kabisa ya ulimi, akamfumba mdomo na kumsugua koo mpaka kikashuka. "Hiki kingine utampa baada ya wiki mbili. Dawa inaua wakubwa, lakini wadogo wanakuja nyuma. Nyumbani kuna watoto?"

"Wawili. Mdogo kila aokotacho ni mdomoni."

"Na paka anajisaidia wapi?"

"Ah, kwa hilo hatusumbui kabisa," Fundi akajibu kwa fahari. "Anakwenda mwenyewe mchangani, anachimba, anafukia. Msafi kuliko..."

Akalikumbuka lundo la mchanga wa matofali uani kwake.

Mchanga ule aliuchekecha kwa mikono yake. Bonge alipoanza kutambaa, Fundi alichagua upande mmoja wa lundo, ule wa ukutani, mbali na barabara, mbali na kalibu za kufyatulia na makoleo, akausafisha usibaki na jiwe wala kipande cha chupa. Pakawa mahali pa watoto. Akiwa anafyatua matofali anawaona, nao wanamwona, na alijisifu kwamba hakuna baba mtaani aliyewatengenezea wanawe mahali salama kama pale. Mifuko ya simenti kila jioni aliifunika turubai mpaka pembeni, kama anayemfunika mtoto mchanga, kwa kuwa simenti ikipata umande imekufa. Mchanga hauharibiki. Ni fundi gani wa matofali aliyewahi kufunika mchanga?

Daktari alikuwa ameshaelewa.

"Mayai ya minyoo yanatoka na kinyesi," akasema taratibu. "Huyaoni kwa macho. Yanakaa mchangani wiki chache yakikomaa, na yakishakomaa yanadumu muda mrefu sana. Mtoto anacheza, analamba vidole. Wengi hawaoneshi dalili yoyote. Wengine wanakohoa, wanapata homa, wachache minyoo inawafika mpaka jichoni. Mdogo apelekwe kliniki leo, na daktari wa watu aambiwe habari za paka na mchanga. Usimpe dawa hii ya mnyama."

"Na nikimtupa paka?"

"Mtupe. Mayai yatabaki, na kesho paka wa jirani atakuja kuendeleza. Kikulacho ki nguoni mwako, fundi."

Fundi hakungoja zaidi. Alikuwa amekumbuka mkewe anawaweka wapi watoto akiwa anapiga pasi nguo zake za kazini. Alikanyaga baiskeli ile mpaka mnyororo ukalia, gunia limemkaa kifuani, Shemeji anapiga kelele kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Walikuwa palepale alipowatengenezea. Wakili ameketi pembeni, hachezi. Bonge amejimwagia mchanga hadi mapajani, amefumba mkono umejaa mchanga, anaupeleka kinywani kwa furaha zote. Fundi aliiacha baiskeli ianguke ikiwa bado inatembea. Akaudaka ule mkono, akambeba mtoto mpaka bombani, akamsugua kwa sabuni vidole kimoja kimoja na chini ya kucha, na Bonge akalia kana kwamba anachinjwa. Mama yao akatoka mbio, pasi mkononi.

"Umepatwa na nini? Na huyu mbona amerudi?"

Fundi alimweleza huku akisugua. Alieleza yote, hata ya maghala na mkate. Mkewe akaketi juu ya tofali.

"Na mimi ndiye ninayewaweka hapo kila siku," akasema.

"Pahali penyewe nilikupa mimi."

Walitazamana. Kisha mama akainuka, kwa sababu yeye si mtu wa kukaa na jambo. Bonge angemchukua sasa hivi, waanzie kliniki ya watoto kabla ya zamu. Mchanga wa pale ukutani uchotwe wote, ukafukiwe shimoni, na uliobaki upate turubai yake. Shemeji atafutiwe boksi la machujo ya mbao kwa seremala, na litasafishwa kila siku na mtu mzima. Mikono kwa sabuni kabla ya kula, na Wakili kumbusu paka mdomoni iwe mwisho.

"Abaki," akamaliza, akimtazama Shemeji aliyekuwa ameshatoka guniani na kuelekea kwenye kiti chake. "Ndugu zangu wamenizoesha."

Wakili alisogea. Hakuwa amecheka bado.

"Kwa hiyo kosa si la Shemeji?"

"Si lake," Fundi akasema.

"La nani?"

Fundi angeweza kusema la minyoo, na mambo yakaisha. Lakini alikuwa ameshamdanganya mtoto huyu mara moja leo.

"La kwangu. Mchanga ni wangu, mimi ndiye niliyeuacha wazi."

Wakili akanyamaza. Ulikuwa unyamavu uleule wa asubuhi, na safari hii Fundi aliutambua. Mtoto alilitazama gunia lililolala chini, akamtazama baba yake, urefu wake wote, kisha akamgeukia mama yake na kumshika sketi kwa mikono miwili. Midomo ilikuwa inamcheza.

"Mama, usimtoe baba," akasema. "Na yeye apewe dawa tu."

Fundi alipiga magoti kwenye vumbi la simenti akamvuta kifuani. Aliyejibu ni mama, akiwa amempakata Bonge aliyelowa chapachapa, anacheka na kufuta macho kwa kiganja.

"Baba yako haendi popote, mwanangu. Ana mchanga wa kufunika."

Wakili akalifikiria hilo kwa muda. Alipoona hoja imesimama, alijitoa mikononi mwa baba yake na kwenda kushika ncha ya turubai.