Ng'ombe Wote Ndani ya Picha Moja

Ifahamike kwa watu wote, wa Bariadi na wa sehemu ya dunia iliyobaki, kwamba siku ile sayansi ya kupiga picha ilipiga hatua kubwa katika Kanda ya Ziwa. Hatua yenyewe ilipigwa na mwanamke aliyevaa kandambili zisizofanana, mbele ya meza ya mtumba pale Lamadi, kati ya rundo la sidiria na karai la sangara wa kukaanga.

"Mayu, mama yangu, hiyo kamera umeishika tangu asubuhi," alilalamika Method, mwenye meza. "Ingekuwa yai, kifaranga angeshaanza kutembea."

"Acha niangalie."

"Unaangalia au unaiombea?"

Nyanjige alihamia mguu wa kushoto, akarudi wa kulia, kama mwanafunzi aliyenyimwa ruhusa ya kwenda chooni. Mbele yake palikuwa na kamera mbili, na zote Method aliziita za picha ndefu. Tangu serikali iseme ruksa, kila kitu kilikuwa kinapita mpakani Sirari: redio, dawa ya kung'arisha uso, viatu vya marehemu wa Ulaya, na sasa hizi.

Begani mwake ilining'inia kamera yake ya siku zote. Ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake kwa picha za ubatizo, za kipaimara, na zaidi ya yote za pasipoti. Method hakutaka kitu kingine chochote katika mabadilishano ila hiyo. Aitoe, arudi Bariadi na kamera moja tu, isiyojua pasipoti? Asiitoe, arudi na aibu yake?

Aibu yenyewe ilitoka Nkololo. Mzee Maganga, mkulima wa pamba, alikuwa amemwita apige picha ya ng'ombe wa mahari ya mwanawe wa kwanza. Kundi lilikuwa refu, kamera ikashindwa kulimeza, basi Nyanjige akalipiga vipande vitatu. Lakini kulikuwa na dume mmoja mwenye pembe iliyovunjika, mpenda sifa. Alitembea taratibu nyuma ya wenzake, akatokea katika picha zote tatu. Ndoa ilipovunjika na ng'ombe wakatakiwa kurudi, wakwe walizipanga picha juu ya mkeka wakacheka mpaka wakalia. "Maganga hakutoa kundi," walisema. "Alitoa dume mmoja mzururaji." Maganga akarudishiwa nusu ya mifugo yake, na Nyanjige akarudishiwa jina jipya. Hadi leo watoto wa sokoni Bariadi humwita Mama Pembe, na mama zao hupeleka vichanga vyao kupigwa picha kwingine.

Sasa Maganga alikuwa anamwozesha mwanawe wa pili, na alikuwa ametuma ujumbe. "Picha moja. Ng'ombe wote, na wakwe wamesimama hapo hapo. Ukishindwa, usinisalimie tena." Shughuli ilikuwa kesho.

"Chukua hii ya fedha," Method alimshauri. "Nyepesi. Unasukuma kitufe, picha inatoka ndefu."

Nyanjige alifungua mgongo wa kamera, akasukuma kitufe. Vibao viwili vyeusi vikachomoza ndani, kimoja juu na kimoja chini. Akakirudisha kitufe, akakisukuma tena.

"Hii haiongezi upana," alisema. "Inafumba juu na chini tu."

"Lakini picha inatoka ndefu, mayu!"

"Hata mimi nikivuta kofia mpaka kwenye nyusi na kola mpaka puani, sijaona zaidi. Nitamkata ng'ombe pembe, nimkate na kwato. Wakwe watasema tumewalipa magunia."

Method akaguna, akamsogezea ya pili. Hiyo ilikuwa ya Mrusi, nzito kama tofali. Alipobonyeza, jicho lake lilizunguka kutoka kushoto kwenda kulia, krrrik, kama bundi aliyesikia anaitwa. Kisha akatoa picha iliyopigwa nayo, ndefu kama mshipi wa shemasi. Lilikuwa soko zima la Sirari, vibanda vya katikati vikiwa vimevimba na vya pembeni vimesinyaa. Ukingoni kulikuwa na kitu kinene cha kahawia.

"Hiki nini?"

Method alikohoa. "Kidole changu."

"Kamera inamwona hadi anayeishika!"

"Niliishika vibaya."

"Na pasipoti?"

"Pasipoti gani? Utampiga mtu pamoja na ukoo wake. Halafu ng'ombe watulie, mayu. Anayetembea kulifuata jicho anarefuka. Anayekuja kinyume anakuwa mbuzi."

Nyanjige aliondoka. Akafika kwenye samaki, akarudi. Akaondoka tena, akafika barabarani ambako basi la Bariadi lilikuwa linapiga honi, akarudi mbio. Akavua mkanda begani haraka, kama mtu anayejing'oa jino mwenyewe.

"Nipe tofali."

Kesho yake, Nkololo, Mzee Maganga aliikagua kamera kwa mbali, ndipo akasalimia.

"Mwangaluka, mayu. Safari hii hawatatucheka?"

"Mwangaluka, baba. Nipeni chumvi."

"Ya mboga?"

"Ya ng'ombe. Nyingi."

Nyanjige alikuwa amekumbuka vile vibanda vya Sirari vilivyovimba katikati. Akaimwaga chumvi chini katika upinde, kama mwezi mchanga, yeye akiwa katikati ili asiwepo ng'ombe wa karibu wala wa mbali. Kundi likaja, likainamisha vichwa, likajipanga lenyewe. Mzee Mahona, mkwe mpya, alisimamishwa upande wa kulia na ndugu zake, mikono kifuani.

"Mbona wameinama?" aliuliza Mahona. "Mimi naona migongo."

"Baba, unapokea ng'ombe, huchagui wachumba."

Watu wakaangua kicheko, hata Mahona midomo ikamchezacheza. Nyanjige alibana pumzi. Akabonyeza. Jicho lilikuwa limeshaanza safari yake pale mtamba mmoja mwekundu alipoinua kichwa na kupiga hatua.

"Umewapata wote?" Maganga aliuliza.

"Wote," alisema Nyanjige, akimtazama yule mtamba.

Picha ilitoka safi isivyo kawaida. Ng'ombe wote wamo, kila mmoja na kimo chake. Mahona anaonekana akitabasamu, na yule mtamba mwekundu ametulia kama sanamu ya kanisani.

Unauliza niliiona wapi? Basi, nimeshikwa. Sijaiona. Hakuna aliyeiona. Filamu ilipanda basi kwenda kusafishwa Mwanza na haijarudi, na hayo niliyosema ni yale anayojisimulia Nyanjige kila jioni stendi ya Bariadi. Basi linaingia na vumbi lake. Kondakta anapanda juu ya keria, anaanza kuteremsha mizigo: godoro, tenga la nyanya, baiskeli bila tairi la mbele. Nyanjige anasogea kushoto, anasogea kulia, mikono ameinua nusu, tayari kuidaka bahasha ya Mwanza.