Boga la Sita

Siku mbili kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Martini, mwaka 1951, Verdiane alikaa kwenye mkeka nje ya nyumba yake huko Kingi, Masisi, mashariki mwa Kongo, akakomba mbegu kutoka maboga sita. Yalikuwa ya Madame wa shamba la kahawa. Kwao Ulaya watoto huchonga macho na meno kwenye mizizi minene, kisha huwasha mshumaa ndani. Mizizi hiyo Masisi haipo, basi Madame akasema maboga yatatosha. Hakuna aliyeuliza kwa nini chakula kichongwe meno. Mwenye nguvu mpishe.

Mumewe Sebahire alichonga midomo. Binti yao Emérita alichonga macho, akimtania baba yake kwamba maboga yake yote yanafanana na padri. Walicheka. Hawakuwa wamecheka pamoja tangu Athanase, kaka yake Emérita, aandikwe kuwa ametoroka mgodini Walikale. Miezi minane Verdiane alikuwa amekataza jina hilo lisitajwe nyumbani, kwa kuwa mtoto akitoroka baba huchukuliwa mahali pake, na Sebahire alitakiwa kuondoka Jumatatu.

Boga la sita lilitoka na uso wa Athanase, pamoja na kovu lake juu ya jicho.

"Jambo, Mama," likasema. "Dada, macho umeniwekea kubwa."

"Kisu iko butu," Emérita akajibu.

"Ulikimbilia wapi?" Verdiane aliuliza kwa ukali.

"Sikukimbia, Mama. Shimo ilituangukia, tuko bane, mimi na benzangu batatu. Balituacha chini, bakaandika kama tulikimbia."

Verdiane alishtuka hata ungo wa mbegu ukamponyoka. Boga kusema halikumsumbua. Maiti hunena akipata mdomo. Kilichompiga ni ile miezi minane aliyomlaani mtoto aliyelala chini ya mawe. Aliomba msamaha palepale, mbele ya mumewe na bintiye, mikono ikiwa bado na utelezi wa boga.

Kesho yake maboga matano yalikwenda kwa Madame, naye akayasifu sana. La sita Verdiane alilibeba kichwani hadi ofisi ya chifu, litoe ushahidi ili Sebahire asichukuliwe. Karani Kabera, aliyesoma darasa moja na Athanase, alilisikiliza mpaka mwisho bila kulikatiza.

"Njo yeye, ni yeye kabisa," akasema. "Lakini ushahidi inaomba alama ya gumba, Mama. Huyu gumba yake iko wapi?"

Akalisonta kwa kidole. Watu wote wa Kingi wanajua kwamba boga husontwa kwa ngumi iliyofungwa. La kidole huoza. Kabera naye alijua, ila miaka ya ofisi ilikuwa imemsahaulisha. Alirudisha mkono haraka, akasema, "Pole, ndugu yangu." Doa jeusi lilikuwa tayari shavuni.

Jumatatu Sebahire alijifunga blanketi lake begani. Athanase alimwonya asiingie shimo la tatu. Sebahire, aliyewapisha wenye nguvu maisha yake yote, alisema atajaribu kuwaomba.

Boga lilikaa karibu na jiko. Kila asubuhi liliuliza, "Muko na habari ya Papa?" na Verdiane alijibu bado. Shavu lilizidi kubonyea, sauti ikazidi kuwa nzito.

Siku ya kumi halikuuliza.

"Mama, musimungojee tena. Papa amefika huku kwetu."

Verdiane alipiga ukelele uliowatoa majirani mashambani. Walikuja, wakakaa msibani bila maiti, na hakuna aliyetaka kujua habari imeletwa na nani. Saa nane Kabera alifika, akavua kofia, akalia na wengine, kilio cha kweli. Kisha akatoa mfukoni karatasi kutoka Walikale. Iliandikwa: Sebahire ametoroka.

"Mwanaume gani anabakia mu hii nyumba?" akauliza.

"Hakuna," Verdiane akasema. "Niko mimi na huyu binti tu. Ataolewa mwezi ujao."

Kabera alifuta machozi kwa kiganja, akafungua kalamu.

"Bwana arusi anaitwa nani, Mama?"