Yamini ya Fundi Kificho

Baba mkwe wangu Kificho alikuwa fundi wa vyombo vya baharini, na katika kisiwa chetu cha Fundo, mbele ya Gando, hakukuwa na mwingine. Mwaka ule wa uchaguzi yeye alikuwa chama kile, mimi chama hiki. Vyama sivitaji. Waliokuwapo wanavijua, na wasiokuwapo hawakukosa kitu. Watu walikuwa hawauziani samaki, hawazikani.

Wenziwe walimsakama kwa sababu binti yake Kazija alikuwa mke wangu. Siku moja barazani mmoja wao, Nyange, alimwuliza mbele ya watu, "Fundi, mkweo akileta chombo chake utamkalafatia, au utamwambia kwanza ahame chama?" Wakacheka. Kificho akaona haya, akala yamini: akitia mkono wake katika chombo cha mtu wa chama chetu, mkewe Mwanawema ana talaka tatu.

Kicheko kikakatika. Waliosikia walitosha kuwa mashahidi, na talaka ya namna hiyo haina mchezo. Jambo likitendeka, mke kaachika, hata kama mume analia.

Haukupita muda Kazija akashikwa na uchungu. Siku ya pili asubuhi mkunga wetu, Bi Time, alinitokea nje akaniambia mtoto kakaa vibaya, nimpeleke mke wangu hospitali ya Wete na nisingoje. Kutoka Fundo hapana njia ila bahari. Vyombo vyote vilikuwa vimekwenda kuvua. Lilibaki dau langu dogo, nalo lilibaki kwa sababu kana ilikuwa imelegea. Kana ndio ule mkono wa usukani anaoushika nahodha. Tundu inamoingia, kwenye kichwa cha usukani, ilikuwa imelika, na mti unacheza kama jino bovu. Kusi lilikuwa kali. Ukiingia mkondoni na kana kama hiyo, dau linalala ubavu kwa mawimbi, linajaa maji.

Nilimkuta Kificho pwani, keshapata habari. Alisimama mbali na dau, mikono kaifumbata nyuma. Nilimwambia kana yangu imelegea. Akasema anajua, kaiona zamani. Akaniambia nishike mimi zana, yeye atanielekeza kwa mdomo, maana yamini yake ilikuwa ya mkono. Hakuna aliyecheka, ingawa Nyange alikuwapo.

Nikachonga kabari ya mti wa mkandaa, mkavu kama alivyotaka, nikaitia.

"Polepole," akasema. "Gonga, sikiliza, halafu ndio ugonge tena."

Mimi ni mvuvi, na sauti ya mke wangu ilikuwa inafika mpaka pale pwani. Niligonga tu. Kichwa cha usukani kikapasuka.

Kificho akafumba macho. Sasa ilitakiwa kekee, itobolewe tundu mpya chini ya ufa, na misumari ya mti, kazi ambayo humwelekezi mtu kwa mdomo. Nilimwambia siwezi. Mtu mmoja akasema aulizwe shehe wa Gando, huenda akaona njia ya kuifungua yamini. Nikamwuliza huko Gando tutafika kwa kuogelea?

Ndipo akaja Mwanawema, kajitwika kikapu cha zana za mumewe. Akakitua miguuni pake. Hakupandisha sauti.

"Baba Kazija, shika kekee."

"Unajua nilivyosema."

"Kisiwa kizima kinajua. Mimi nitakaa eda. Mwanangu akifa, nitakaa nini?"

Kificho akaketi mchangani, akauvuta usukani mapajani. Aliufunga ule ufa kwa kamba, akatoboa, akapigilia, kama anavyofanya siku zote, bila pupa, machozi yanamwingia ndevuni. Akaitia kana, akaikita kwa mguu. Haikucheza. Alipoinua uso, Mwanawema alikuwa kajitanda kanga hadi machoni na kampa mgongo, kama afanyavyo mwanamke mbele ya mwanamume asiyemhusu.

Tulimpakia Kazija. Mama yake akaingia akamshika kichwa. Nyange ndiye aliyenisaidia kulisukuma dau majini. Kificho hakusogea alipokaa.

Wete tulifika. Mtoto alitolewa kafa, wa kiume. Kazija akapona, ila hakuzaa tena. Alasiri nilimkuta Mwanawema kakaa chini nje ya wodi. Akaniambia yeye Fundo harudi, kuna kaka yake Tumbe, atakwenda kukaa eda huko, na nguo zake Bi Time atazikusanya. Nilidhani kamaliza, nikainuka. Akaniita.

"Mwambie Kificho mwanawe mzima."

Miaka yote niliyomjua alimwita baba Kazija. Kwetu mke hamtaji mumewe kwa jina. Nikasema vyema, mama, nitamwambia, nikashuka bandarini lilipo dau langu.